Chaki Mbili na Kitambaa

Chaki mbili, moja nyekundu na moja ya bluu. Mti mrefu. Kipande cha kitambaa cheupe kilichokazwa wima kwenye mti huo kama tanga dogo. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vifaa vya fundi wa helikopta ya Huey alipotaka kujua kama mapanga mawili ya rota yanapita njia moja. Ncha ya panga la kwanza inapakwa nyekundu, ya pili inapakwa bluu. Injini inawashwa, rota inashika kasi, na fundi anaisogelea hatua kwa hatua, mti mkononi, mpaka kitambaa kiguse ukingo wa lile duara ambalo ndani yake jicho halioni kitu ila ukungu. Anagusa mara moja tu, kisha anarudi nyuma na kutazama kitambaa chake. Alama nyekundu ikiwa juu ya ile ya bluu, hata kwa upana wa kidole, basi panga moja linapanda kuliko mwenzake, na mtetemo wake rubani ataupokea kwenye uti wa mgongo safari nzima. Injini inazimwa. Fundi anapanda juu, anazungusha kidogo ufito mfupi wa chuma unaoamua pembe ya panga, anashuka, anapaka chaki upya. Wanaanza tena.

Na mzunguko wenyewe si wa kuchezea. Rota ya Huey aina ya UH-1N ina upana wa mita 14.6 kutoka ncha hadi ncha, na ikiwa angani huzunguka mara 324 kwa dakika. Piga hesabu: ncha ya panga inakimbia karibu kilomita 900 kwa saa. Siku hizi kazi ya kitambaa imechukuliwa na taa za kumulika kwa mpigo na vipima mtetemo, na sijui fundi atakayelilia kurudi kwenye mti. Lakini ni picha hiyo ya mtu anayesogelea ukungu taratibu, chaki mfukoni, ambayo imenifanya niandike.

Wahenga wa pwani walisema vyaelea vimeundwa. Macho yao yalikuwa kwenye jahazi, na jahazi likishaundwa vizuri huelea hata nahodha akisinzia. Helikopta haina hisani hiyo. Ni kama chombo kinachoundwa upya kila asubuhi, na kikiachwa siku mbili bila kushikwa kinaanza kusahau kuruka.

Helikopta ninazozizungumzia zilikuwa za Kikosi cha 40 cha Helikopta cha Jeshi la Anga la Marekani. Makao yake ni kambi ya Malmstrom, pembeni mwa mji wa Great Falls, jimbo la Montana, na kazi yake ni kuyahudumia mashimo ya makombora ya nyuklia. Niseme mapema, tusije tukagombana katikati ya safari: makombora hayo siyasifu. Kichwa kimoja cha Minuteman III kina nguvu ya kilotani 300 au zaidi, na bomu lililoangushwa Hiroshima lilikuwa na 15 hivi. Urani ya bomu lile la Hiroshima, sehemu kubwa, ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa mikono ya Wakongo ambao hawakuambiwa madini yale yanakwenda kufanya nini. Kwa hiyo sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna sababu ya kujifanya habari hizi ni za kwa jirani. Afrika imekwisha toa kauli: Mkataba wa Pelindaba, wa bara lisilo na silaha hizo, ulitiwa sahihi Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika 2009. Kauli hiyo ni yangu pia. Ila mkono wa fundi una heshima yake, na heshima hiyo haingoji kwanza mwenye gari awe mtu mwema.

Sasa tulitazame shamba lenyewe. Makombora 150 ya Malmstrom hayako mahali pamoja. Yametawanywa katika eneo la kilomita za mraba kama 35,700, kubwa kuliko Rwanda, kubwa kuliko Burundi. Kila shimo limezungushiwa uzio katikati ya ngano au malisho ya ng'ombe, limefunikwa kwa mfuniko wa zege na chuma wenye uzito wa karibu tani 100, na liko mbali kiasi na mwenzake ili bomu moja la adui lisiyamalize mawili. Chini ya ardhi, katika vyumba 15 vya kuamuru, maofisa wawiliwawili hukaa zamu ya saa 24, kila chumba kikisimamia makombora 10. Mkulima analima hadi ukingoni mwa uzio. Anayesafiri na asiyejua ataona kiwanja cha changarawe na nguzo chache, apite akidhani ni mtambo wa maji.

Barabara zipo, nyingi za changarawe, na zamu za kawaida huenda kwa gari. Lakini shimo la mbali linaweza kuwa zaidi ya saa mbili kutoka kambini hata siku ya jua, na Montana haina siku nyingi za kuaminika. Rogers Pass, kwenye milima ya upande wa magharibi, ndipo palipopimwa nyuzi 57 za Selsiasi chini ya sifuri tarehe 20 Januari 1954, baridi kali kuliko yoyote iliyowahi kurekodiwa Marekani ukiiacha Alaska. Kuna pia upepo unaoitwa Chinook, unaoteremka milimani ukiwa wa joto na mkavu. Hapo Great Falls, tarehe 11 Januari 1980, ulipandisha kipimajoto kutoka nyuzi 36 chini ya sifuri hadi 9 chini ya sifuri kwa dakika 7. Fikiria wewe ni fundi. Umevaa glavu mbili, umefunga boliti ukiwa ndani ya barafu, na kabla hujamaliza chai hewa yote imebadilika. Rubani naye alikuwa amepiga hesabu ya nguvu za injini kwa hewa nzito ya baridi. Hewa ikipata joto inakuwa nyepesi, na mapanga yanapata kidogo cha kushika. Hesabu hiyo inafutwa, inaanzwa upya.

Mji huo una kichekesho chake katika historia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Great Falls palikuwa njia panda ya ndege ambazo Marekani iliwapa Wasovieti wapigane na Hitler. Karibu ndege 8,000 zilipita njia hiyo, zikarushwa hadi Alaska, na huko marubani wa Kisovieti wakazipokea na kuvuka nazo Siberia. Haikupita miaka 20. Oktoba 1962, dunia ikiwa imeshika pumzi kwa ajili ya Cuba, makombora ya kwanza ya Minuteman yaliwekwa tayari palepale Malmstrom, yakiwaelekea walewale waliopewa ndege.

Makombora yalipoenea mashambani, helikopta zilizokuwepo zilikuwa kuukuu. Mwaka 1963 Jeshi la Anga likaagiza Huey ya aina yake, UH-1F, mahususi kwa kazi ya kupeleka watu na vifaa kwenye mashimo. Hapa fundi anatabasamu, maana injini ya ndege hiyo haikuchaguliwa kwa kuwa ndiyo bora kwa mwili wa Huey. Ilichaguliwa kwa kuwa jeshi tayari lilikuwa na injini za namna hiyo, T58 za kampuni ya General Electric, pamoja na vipuri na mafundi waliozizoea. Ili ikae vizuri, bomba la moshi likabidi litokee ubavuni, upande wa kulia. Kwa hiyo ukiona picha ya Huey ya zamani yenye bomba lililopinda kulia, huna haja ya kusoma maandishi chini yake: ni F. Katika karakana yoyote duniani uamuzi wa namna hii unaeleweka. Kipuri kilichopo stoo kina thamani kuliko kipuri bora kilichoko kwenye katalogi.

Ndege hizo za makombora hazikukaa zote mashambani. Vietnam ilizivuta. Tarehe 26 Novemba 1968, Luteni James P. Fleming, akirusha UH-1F, aliishikilia ukingoni mwa mto, mkia ukining'inia juu ya maji, huku risasi zikimiminika, mpaka timu ya askari sita iliyobanwa kati ya mto na adui ikaweza kupanda. Alipewa nishani ya juu kabisa ya nchi yake. Watu huisimulia habari hiyo kama habari ya ujasiri, na ni kweli, lakini mimi hubaki nikiitazama sekunde hizo kwa jicho la fundi. Kusimamisha helikopta hewani ni kazi ya masahihisho yasiyokwisha, mikono miwili na miguu miwili, kila mguso ukidai mguso mwingine wa kuusawazisha. Kufanya hivyo bila kuyumba, karibu na maji yasiyo na alama ya kutazama, ndege ikizidi kuwa nzito kila mtu anapopanda, si jambo unalolifanya kwa moyo mkuu peke yake. Ni mazoea yaliyoingia kwenye vifundo vya mikono.

Namba 40 yenyewe ilikuwa na maisha mengine wakati huo. Tangu mwaka 1968 ilikuwa ya kikosi cha uokoaji kilichokaa Udorn, Thailand, baadaye Nakhon Phanom, kikirusha helikopta kubwa za HH-53 kuwatafuta marubani walioangushwa. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Novemba 1970 ndege zake zilikwenda Son Tay, karibu na Hanoi, kuwatoa wafungwa wa kivita. Njiani helikopta zilifuata ndege ya mizigo ya C-130, ambayo ilibidi ijikaze kuruka polepole hadi karibu na kasi ambayo mabawa yake yangeshindwa kuibeba, ili helikopta ndogo kuliko zote katika msafara isiachwe nyuma. Nayo hiyo ndogo ilijibanza nyuma ya bawa la C-130, ikivutwa na hewa yake kama mwendesha baiskeli nyuma ya lori. Walifika. Hawakupoteza mtu hata mmoja. Kambi ilikuwa tupu. Wafungwa walikuwa wamehamishwa miezi kadhaa kabla.

Karibu miaka mitano baadaye, Mei 1975, kikosi hicho kilikuwa miongoni mwa waliopeleka askari kwenye kisiwa cha Koh Tang, Kambodia, katika sakata la kutekwa kwa meli ya Marekani, Mayaguez. Helikopta zilipigwa vibaya, na kutwa nzima hadi usiku marubani walirudi mara kwa mara ufukweni kuwatoa watu zaidi ya 200. Hata hivyo askari watatu waliachwa nyuma, wakafa. Huko hakuna cha kupamba.

Mwaka uliofuata kikosi kilivunjwa. Namba yake ilikaa kwenye makabati mpaka mwanzoni mwa miaka ya tisini, ilipopewa kundi dogo la helikopta lililokuwa Malmstrom tayari, likihudumia makombora. Kama mjukuu anavyopewa jina la babu aliyekufa kabla hajazaliwa, vijana wa Montana wakarithi Udorn, Son Tay na Koh Tang. Wakarithi na nia ya waokoaji, ya kufanya kazi ili wengine waishi, jambo lenye ukakasi kidogo ukikumbuka kilichomo ndani ya mashimo wanayoyahudumia. Sidhani ukakasi huo wanaupuuza. Kwa vyovyote vile, wakuu wa polisi wa wilaya za Montana mara nyingi wamewapigia simu mtu alipopotea milimani, nao wakaenda.

Ndege waliyoikuta ndiyo UH-1N. Nambari ya mkiani mwa nyingi kati ya hizo inaanza na 69, maana yake ziliagizwa kwa bajeti ya mwaka 1969. Zilianza kazi mwaka 1970. Tofauti yake kubwa na Huey za mwanzo ni injini: mbili za PT6 kutoka Pratt & Whitney ya Canada, zimefungwa ubavu kwa ubavu na kuingiza nguvu zao kwenye giaboksi moja, ili moja ikifa nyingine iendelee. Uamuzi huo wa kununua injini za Canada ulimkera Mendel Rivers, mwenyekiti wa kamati ya majeshi katika Bunge la Marekani, lakini injini zikanunuliwa, na waliorudi nyumbani kwa injini moja tu hawakuuliza imetengenezwa nchi gani.

Rota yake ina mapanga mawili tu. Mlio ule wa tapu-tapu-tapu ambao sinema zote za Vietnam zimetufundisha unatokana na hilo: mapanga mawili mapana yakipiga hewa iliyokwisha kuvurugwa na panga lililotangulia. Rota imekaa juu ya mlingoti kama mizani ya dukani, upande mmoja ukishuka mwingine unapanda. Ni ubunifu wa kupendeza kwa wepesi wake, wenye viungo vichache vya kulainisha na vichache vya kuvunjika. Lakini una sharti moja zito. Rota inapenda kuvutwa na uzito wa ndege. Rubani akiusukuma usukani mbele kwa ghafla, ndege ikawa nyepesi kama gari linaloruka tuta na tumbo la abiria kubaki nyuma, mizani inalegea, kitovu cha rota kinaweza kuugonga mlingoti wake, na mlingoti ukikatika safari imekwisha. Kwa hiyo rubani wa Huey anafundishwa upole. Hasukumi. Ukimtazama aliyeiva, mkono wake hauonekani ukisogea. Unaona ndege tu ikitii.

Sharti hilo lina malipo yake. Mapanga mazito yakishazunguka hayapendi kusimama. Injini zote zikizima, rubani anashusha haraka wenzo ulio mkono wake wa kushoto ili kupunguza pembe ya mapanga, ndege inaanza kuanguka, na hewa inayopanda kutoka chini ndiyo inayoizungusha rota, kama mbegu yenye bawa inavyojizungusha ikidondoka. Karibu na ardhi anainua pua kuua mwendo, kisha anavuta wenzo juu, mara moja tu, kutumia kasi yote iliyobaki ndani ya mapanga. Akiba hiyo ni kama maji ya mwisho mtungini. Ukiyamwaga mapema, utagusa chini ukiwa mikono mitupu. Huey inasamehe kuliko nyingi, lakini haisamehe mara mbili.

Na kuna mtu wa tatu, ambaye wengi humsahau. Nyuma ya marubani wawili yupo mwanajeshi anayelala kifudifudi mlangoni, kamba ya usalama mgongoni, kichwa nje, akitazama kile ambacho marubani hawawezi kuona: mkia. Yeye ndiye anayeiteremsha ndege kwa sauti. Nyuma wazi. Mkia safi kulia. Shuka kumi. Tano. Tatu. Mbili. Moja. Chuma cha kulia kimegusa. Vyote viwili. Maneno ni machache, na ni yaleyale kila siku. Hapandishi sauti anapoona waya wala haishushi anapochoka, kwa sababu rubani husoma sauti yake kabla ya kusikia neno.

Theluji ndiyo mtihani wao mkubwa. Upepo wa rota ukiipiga theluji kavu inapanda yote kwa mara moja, na dunia inageuka maziwa. Waliowahi kutua kwenye vumbi la kiangazi wanaijua sehemu ya jambo hili. Dawa yake ni ya zamani: kabla hujafika, chagua kitu kimoja, kichaka au nguzo ya uzio, kiweke karibu na mlango, na usikiache kwa macho. Usisimame hewani kujiuliza. Shuka moja kwa moja mpaka uguse. Anayesitasita katikati ya weupe ule hupoteza juu na chini.

Nirudi hanga, maana huko ndiko moyo wangu uliko. Ndani ya giaboksi kuna kizibo chenye sumaku. Fundi anakifungua, anakitazama chini ya taa, anakipangusa kwenye kitambaa. Unga laini kama masizi ni wa kawaida, ni chuma kuzeeka kwa amani. Kipande chenye ukingo, hata kikiwa kidogo kama kucha ya mtoto, ni barua kutoka kwa gia inayokufa, na ndege haitoki. Sampuli za oili hupelekwa kupimwa ili ijulikane ni chuma gani kinalika, na kutoka hapo fundi anajua ni beringi ipi inayolalamika kabla masikio hayajaisikia. Boliti zinafungwa waya uliosokotwa, na waya huo lazima uvute upande wa kukaza. Ukivuta upande wa kulegeza, aliyefunga anarudi kufungua mbele ya wenzake. Kila spana ina kitanda chake kilichokatwa kwa umbo lake. Jioni kitanda kimoja kikiwa kitupu, hakuna ndege inayoruka mpaka spana ipatikane, hata kama walioiacha wamekwisha kwenda nyumbani kula. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo kalamu hupotea mara tatu kwa siku, nikatamani utaratibu huo.

Juu kabisa ya mlingoti ipo nati kubwa inayoishika rota yote. Wamarekani tangu Vietnam wanaiita nati ya Yesu, kwa kuwa ikitoka, anayefuata kukutana naye ni Yeye. Ni mzaha wa watu waliokwisha kuikagua. Mmoja anafunga, wa pili anakagua, wote wawili wanatia sahihi, na sahihi hiyo inakaa kwenye daftari la ndege kwa miaka. Ukilifungua daftari la Huey ya mwaka 1970 unakutana na mikono ya watu waliokwisha kustaafu, na wengine wamekwisha kufa, ambao kazi yao bado inaruka. Leo, fundi yeyote mwenye umri chini ya miaka 50 anashika chombo kilichomtangulia kuja duniani.

Wakenya hawahitaji kuelezwa uzito wa sahihi kama hizo. Nchi yao ilianza kupokea Huey II kutoka Marekani mwaka 2016, na tarehe 18 Aprili 2024 helikopta ya Huey ilianguka Elgeyo Marakwet, ikamuua Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, na wenzake tisa. Tangu siku hiyo mlio wa tapu-tapu una maana nyingine katika nyumba nyingi.

Kazi ya kila siku ya kikosi cha Malmstrom, ukiitazama kwa nje, inachosha. Kichwa cha kombora kinaposafirishwa kwa barabara, helikopta inakwenda juu ya msafara na askari wenye silaha ndani, ikitazama daraja lililo mbele, karavati, gari lililoegeshwa pasipoeleweka. Baada ya Septemba 2001 ulinzi huo uliongezwa. Ndege inazunguka polepole juu ya magari yanayokwenda polepole zaidi, saa baada ya saa, juu ya ngano ileile. Ustadi hapa ni wa kutochoka kutazama. Mtu anayeshinda akitazama nchi tulivu bila kuamini kwamba ni tulivu anafanya kazi ngumu kuliko anayekimbizana na hatari inayoonekana.

Hata hivyo, subira ya fundi isitumiwe kufunika uzembe wa mwajiri. Huey ilikuwa imechoka. Jeshi lenyewe lilikiri miaka mingi kwamba haina kasi, haina masafa wala uwezo wa kubeba askari na silaha wanaohitajika eneo kubwa namna hiyo, na mipango ya kuibadilisha ilipangwa na kupanguliwa mara kadhaa. Kwa nchi iliyotumia fedha zisizohesabika kwenye makombora, kuwaacha walinzi wa makombora hayo na ndege ya enzi za Nixon ni aibu. Kama ndege hizo ziliendelea kuruka, sifa ni za waliokuwa wakitazama vizibo vya sumaku, si za waliokuwa wakiahirisha mikutano.

Mkataba wa ndege mpya ulisainiwa Septemba 2018, wa dola bilioni 2.4 hivi kwa helikopta zisizozidi 84, na washindi walikuwa Boeing na Leonardo. Ndege hiyo, MH-139, ikaitwa Grey Wolf. Ina mapanga matano na magurudumu yanayojikunja, na mlio wake ni mvumo mmoja mrefu, hauna tapu-tapu.

Grey Wolf ya kwanza ya kikosi ilifika Malmstrom Machi 2024. Minuteman III, kombora lililoanza kazi mwaka 1970 pamoja na UH-1N, bado limo ardhini.